Je, Wajua? Boti Inayojazwa Maji kwa Makusudi

Baharia wa pwani hufundishwa mapema: maji yakiingia ngamani, fua. Sasa sikia haya. Huko Marekani, kwenye maziwa ya Minnesota, Texas na California, kuna watu wanaonunua boti ya zaidi ya dola 100,000, wanaitoboa, wanaifungia pampu, halafu wanaijaza maji mpaka inadidimia. Hawajarukwa na akili. Wanatafuta wimbi. Mchezo wao, weikisafu, ni kusimama juu ya ubao na kuteleza kwenye wimbi linalozaliwa nyuma ya boti. Boti nyepesi haizai wimbi la maana, ndiyo maana wanahitaji farumi, uzito uleule ambao wenye majahazi waliuweka chini kwa mawe na mchanga ili chombo kisipinduke. Hawa wanaiweka kwa maji, na wengi hawaridhiki na matangi yaliyotoka kiwandani. Wanajifungia mfumo wao wenyewe.

Kamba inarudishwa botini, na mtu haachwi nyuma

Mchezaji hushika kamba wakati wa kuinuka tu. Akishasimama sawasawa huirusha botini, na safari inaendelea mita chache nyuma ya chombo. Wimbi la boti husafiri kwa mwendo uleule wa boti, na uso wake ni mteremko. Mtu anashuka mteremko ambao haumfikishi bondeni, kwa sababu mteremko wenyewe unakimbia pamoja naye. Mwendo si wa kutisha hata kidogo: kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Mabingwa wa kiume wa kuteleza majini kwa ubao mmoja wa ski huvutwa kwa kilomita 58 kwa saa, na wao wakiachia kamba, mchezo umekwisha.

Mwendo wanaoupenda ndio mwendo ambao manahodha wengine huukimbia

Boti ya kawaida ikianza kukimbia hupitia kipindi kibaya: omo inainuka, nyuma inazama, mashine inanguruma na mafuta yanakwenda bila faida. Nahodha mwenye akili hukaza moto ili apite hapo haraka na boti ianze kuteleza juu ya maji. Wacheza weikisafu hukaa palepale kwenye ubaya huo mchana kutwa. Wakati boti inalima maji kwa tabu, nguvu nyingi iliyoonekana kupotea haikupotea kweli. Imegeuka kuwa wimbi. Kwa kilomita 17.5 kwa saa, wimbi linalofuata chombo kwenye maji ya kina lina urefu wa mita 15 hivi kutoka kilele hadi kilele, zaidi ya mara mbili ya urefu wa boti ya mita 7 iliyolizaa.

Mfuko mmoja ni karibu mifuko saba ya saruji

Mfuko wa farumi unaotumika sana kwenye boti hizi hubeba ratili 750 za maji, yaani kilo 340. Ukiwa mtupu unaukunja na kuuweka kwapani. Ukijaa, ni kama kuweka mifuko saba ya saruji ya kilo 50 chini ya kiti kimoja. Wengi hufunga mitatu: mmoja kila upande nyuma na mmoja mbele. Hapo pana tani moja, na hakuna aliyeinua kitu. Jioni inapofika unabonyeza swichi, tani inarudi ziwani ilikotoka, na boti inavutwa nyumbani ikiwa nyepesi. Hebu jaribu kuyafanya hayo kwa mawe.

Mfuko huohuo ukitupwa ziwani hauna uzito

Hili huwachanganya hata mafundi. Mfuko uliojaa maji ya ziwa ukiuzamisha ndani ya ziwa lenyewe hauvuti chini wala hausukumi juu, kwa sababu maji ndani ya maji hayana uzito wa ziada. Basi unafanyaje kazi ukiwa ndani ya boti? Kwa kuifukuza hewa. Boti huelea kwa sababu tumbo lake limejaa hewa. Kila lita ya maji inayochukua nafasi ya hewa hukilazimisha chombo kusukuma lita nyingine moja ya ziwa pembeni ili kiendelee kuelea. Archimedes aliishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na bado hesabu hizi anazifanya yeye.

Kwa makadirio ya haraka, boti inayogusa maji kwa eneo la mita 12 za mraba huzama sentimita 1 kwa kila kilo 120 za farumi. Tani moja huishusha sentimita 8 hivi. Ni kidogo kwa macho, lakini si kidogo kwa wimbi.

Risasi inakaa pale maji yanapokosa nafasi

Lita moja ya risasi ina uzito wa kilo 11.3. Kwa hiyo penye upenyo mdogo, kama chini ya viti vya mbele, watu hutia vifuko vya risasi au chuma na kupata uzito mara nyingi zaidi. Ubaya wake ni kwamba risasi haina swichi ya kuimwaga. Utaivuta barabarani, na chombo kikipatwa na dhoruba huwezi kukipunguzia mzigo haraka. Mimi ningechagua maji.

Uzito wa nyuma huinua wimbi, uzito wa mbele hulirefusha

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na ndipo watu wanapobishana mpaka usiku. Ukirundika farumi yote nyuma, wimbi linasimama juu, kali, lenye nguvu, lakini fupi: mchezaji akirudi nyuma hatua chache tu limemwacha. Ukihamishia sehemu ya uzito mbele, wimbi linapungua kimo na kurefuka, na anayejifunza anapata mahali pa kukosea bila kuanguka. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa boti zote, kwa kuwa umbo la chini la kila boti hukata maji kivyake. Ndiyo maana mafundi hujaza, hujaribu, humwaga kidogo, hujaribu tena.

Abiria nao ni farumi. Mtu wa kilo 80 akihama kutoka kiti cha kulia kwenda cha kushoto, wimbi linabadilika mara moja na mchezaji analihisi miguuni. Nahodha wa boti ya dola 100,000 hupaza sauti akiwaomba wageni wake wasogee, sawa na mabaharia wa mashindano ya mashua Lamu wanaokaa kwenye ubao uliotokeza nje upande wa joshi ili tanga lisiwalaze. Tofauti ni kwamba wa Lamu wanataka chombo kisimame wima, na hawa zamani walitaka kilale.

Boti zilikuwa zinalazwa ubavu kwa makusudi

Kabla ya mwaka 2012, njia ya kupata wimbi safi ilikuwa kujaza farumi upande mmoja tu. Boti ililala upande huo, ukingo ukakaribia maji, na wageni wakakaa wakiwa wameinama kama walioegemea ukuta. Kisha kampuni ya Malibu ikaleta vibao viwili vya kufunguka nyuma ya boti ilivyoviita Surf Gate. Kimoja kikifunguka, kinachelewesha maji ya upande wake yasikutane mapema na ya upande wa pili, na wimbi la upande ule mwingine linatoka safi. Yaani ukitaka wimbi la kushoto unafungua kibao cha kulia! Washindani waliofuata na mifumo yao walijikuta mahakamani kwa madai ya hataza.

Tangu hapo farumi inaweza kujazwa sawa pande zote na boti ikakaa wima. Lakini mwenye boti ya zamani asiye na vibao bado anahitaji mfumo unaoweza kujaza kushoto na kulia, kila upande peke yake. Wanaotanguliza mguu wa kushoto hupenda wimbi la kushoto, maana hapo wanalitazama usoni. Wanaotanguliza wa kulia wanalitaka la kulia. Familia moja huwa na wote wawili, na hapo ndipo pampu za pande zote mbili zinapofanya kazi ya ziada.

Bata na meli huacha alama ya pembe ileile

Mwaka 1887 mwanafizikia Lord Kelvin alionyesha kwa hesabu kwamba mawimbi yanayofuata chombo kwenye maji ya kina hufunga pembe ya nyuzi 39 hivi, iwe ni bata kidimbwini au meli ya abiria. Wengi waliamini hivyo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2013 Wafaransa wawili, Marc Rabaud na Frédéric Moisy, walichunguza picha za meli zilizopigwa kutoka angani wakaonyesha kwamba chombo kikienda kasi sana, mkia wa mawimbi yake huonekana mwembamba zaidi. Kwa mwendo wa weikisafu, bado Kelvin ana lake la kusema.

Pampu ndogo inaweza kuvunja kiti

Pampu ya kawaida ya kazi hii huandikwa galoni 800 za Marekani kwa saa, sawa na lita 50 kwa dakika. Kwenye karatasi, mfuko wa lita 340 unajaa kwa dakika 7. Kwenye boti hupati dakika 7. Maji yanapandishwa, yanapita kwenye kona, yanasuguana na kuta za mpira. Ukitumia mpira wa milimita 25 badala ya wa milimita 19, njia ya maji inapanuka kwa zaidi ya asilimia 70, na huo ndio ushauri wa bei nafuu kuliko wote: usibane njia ya maji.

Sasa la kushangaza. Pampu yenye uwezo wa kupandisha maji mita 1 tu juu ya mfuko, ikiendelea kusukuma baada ya mfuko kujaa, inabonyeza kila mita 1 ya mraba kwa nguvu ya tani 1. Si utani, ni kanuni ya Pascal. Mfuko uliofungiwa kwenye kabati hauna pa kwenda, basi unainua mfuniko wa mashine, unapasua viti, unang'oa skrubu. Dawa yake ni mpira wa pili unaotoka juu ya mfuko hadi ubavuni mwa boti. Kwanza unatoa hewa wakati wa kujaza, kisha maji yakianza kuchuruzika nje yanamwambia nahodha kuwa mfuko umejaa. Ni taa ya tahadhari isiyohitaji umeme.

Kuna aina mbili za pampu, na kila moja ina kilema chake. Ya kwanza inazungusha pangaboi la mpira. Inavuta na kumwaga kwa kugeuza tu mwelekeo wa umeme, na inaweza kukaa juu ya usawa wa maji. Lakini ikizunguka kavu, mpira ule unaungua haraka, kwa kuwa maji ndiyo yaliyokuwa yakiulainisha na kuupoza. Ya pili ni ya bei nafuu na huvumilia zaidi, ila haiwezi kunyonya. Lazima ikae chini ya usawa wa maji, na povu la hewa likiingia kwenye njia yake inalia tu bila kusogeza tone. Hapo wengine hulazimika kusimamisha boti ili hewa itoke.

Tundu la milimita 25 linaingiza lita 40 kwa dakika

Ili pampu ipate maji, lazima boti itobolewe chini ya usawa wa maji. Soma tena sentensi hiyo. Tundu la milimita 25 lililo sentimita 30 chini ya maji, likiachwa wazi, huanza kwa kuingiza zaidi ya lita 40 kila dakika. Kwa saa moja ni karibu tani mbili na nusu, nyingi kuliko farumi yote uliyokusudia. Kwa hiyo tundu halipewi mpira moja kwa moja. Hupewa koki ya kufunga kwa mkono, karibu kabisa na ukuta wa boti, mahali panapofikika hata na mtu mwenye haraka. Wanaokwenda baharini huchagua shaba nyeusi, maana shaba nyeupe hupoteza zinki yake kwenye maji ya chumvi na kubaki dhaifu kama chaki huku sura yake ikiwa bado nzuri.

Farumi inaweza kujaa usiku mkiwa mmelala

Pampu imezimwa, boti imefungwa gatini, asubuhi mnakuta imezama nusu. Hakuna jini. Mpira uliojaa maji ambao ncha yake moja iko ziwani na nyingine iko ndani ya boti, chini ya usawa wa maji ya ziwa, unaendelea kuvuta maji wenyewe, kwa kanuni ileile ya kuhamisha petroli kutoka pipa hadi dumu. Mafundi hukata mchezo huo kwa kuupandisha mpira juu sana kuliko usawa wa maji na kuweka kileleni kijitundu kinachoingiza hewa. Hewa ikiingia, mvuto unakatika. Na koki ifungwe.

Sentimita 18 za waya

Baraza la Marekani la viwango vya boti, American Boat and Yacht Council, linataka kwa kawaida fyuzi ikae ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri, yaani sentimita 18. Betri ya volti 12 haimtishi mtu, lakini waya wake ukikwaruzwa na kugusana hutoa umeme mwingi wa kuyeyusha plastiki, na kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Pampu tatu zikiwaka pamoja si mzigo mdogo.

Tangi la nusu ni hatari kuliko tangi tupu

Maji yakijaa pomoni hayana pa kwenda, yanatulia kama jiwe. Yakiwa nusu, boti ikiinama kidogo yanakimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, nayo inainama zaidi. Hapo farumi imegeuka adui. Na upana ndio mchawi mkuu: ukitenga tangi moja pana kuwa mawili, kushoto na kulia, hatari hiyo inashuka hadi robo. Sababu ni kwamba athari inakwenda kwa kipeo cha tatu cha upana. Ndiyo maana mifuko miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mpana, na ndiyo maana nahodha mzuri hujaza kabisa au humwaga kabisa.

Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Kiingereza Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, ambayo ilikuwa uwanja mpana usio na ukuta wa katikati, yakakimbilia upande mmoja, na feri ikalala kwa kama dakika moja na nusu. Watu 193 walikufa. Farumi nayo ilikuwemo kwenye mkasa. Matangi ya mbele yalikuwa yamejazwa ili omo ishuke ilingane na daraja la bandari ile, na feri ilitoka ikiwa bado imeinamia mbele.

Meli iliyokuwa na tani 120 za mawe na bado haikutosha

Vasa, manowari ya mfalme wa Uswidi, ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, baada ya kwenda mita 1,300 tu. Chini ilikuwa na tani 120 hivi za mawe. Kabla ya safari walijaribu uthabiti wake kwa kuwakimbiza mabaharia 30 sitahani kutoka ubavu hadi ubavu. Baada ya mizunguko mitatu jaribio likasimamishwa, meli ilikuwa inayumba mno. Hawakuweza tu kuongeza mawe, kwa sababu meli ingeshuka na matundu ya mizinga ya chini yangekaribia maji. Leo imesimama kwenye jumba la makumbusho, ikiwa imetolewa majini mwaka 1961, mawe yake yakiwa somo kwa kila anayedhani kuongeza uzito kunatibu kila kitu.

Barabara iliyojengwa kwa farumi

Huko Savannah, jimbo la Georgia, mtaa wa River Street umetandikwa mawe yaliyofika kama farumi ndani ya meli. Meli ziliyatupa ili zipate nafasi ya shehena. Magari bado yanaruka juu yake.

Milima hupunguza wimbi

Lake Tahoe, ziwa la milimani huko Marekani, iko mita 1,897 juu ya usawa wa bahari. Mashine isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri ya asilimia 3 kila futi 1,000 za kupanda, kwa hiyo kule hukosa karibu asilimia 19. Boti iliyojazwa tani moja ya farumi ikiwa Florida huinuka vizuri. Hiyohiyo ikipelekwa Tahoe inakohoa tu. Wenyewe hubadilisha rafadha, yaani propela, wakachukua yenye mapanga yaliyolala zaidi: kila inchi moja ya mwinamo inayopunguzwa huipa mashine mizunguko 150 hadi 200 zaidi kwa dakika. Hesabu hiyo haijali bendera. Mashine ya petroli inayotoka Zanzibar kwenda Mwanza, kwenye Ziwa Victoria lililo mita 1,134 juu ya bahari, huacha njiani karibu asilimia 11 ya nguvu zake.

Lita chache za maji zinaweza kuhamisha ziwa zima

Hakuna mfuko unaokauka kabisa. Daima yanabaki maji chini, na ndani ya maji hayo husafiri watoto wa kome milia, wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni. Kome hao wa Ulaya ya mashariki walifika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini kwenye farumi ya meli za mizigo na kugunduliwa Lake St. Clair mwaka 1988. Jike mmoja anaweza kutoa mayai kufikia milioni moja kwa mwaka. Wanaziba mabomba ya mitambo ya umeme na ya maji ya kunywa, na ndugu zao wa aina ya kwaga walikutwa Lake Mead mwezi Januari 2007, maelfu ya kilomita magharibi, mahali ambapo hakuna meli iliyowahi kufika. Walipanda boti za starehe zilizovutwa barabarani.

Kwa meli kubwa dunia ilikubaliana mkataba wa maji ya farumi mwaka 2004, na ukaanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Boti ndogo zinabanwa na sheria za majimbo. Vermont, tangu 2024, inataka boti ya kuzalisha wimbi iwe na ziwa lake moja la nyumbani, na ikitaka kuhamia ziwa lingine isafishwe matangi kwanza. Matangi huoshwa kwa maji ya moto ya nyuzi 49 hivi, moto wa kuua kome bila kuyeyusha pampu.

Baridi ni fundi mharibifu

Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9. Minnesota hilo linatosha kupasua pampu, koki na tangi kwa usiku mmoja, basi kabla ya majira ya baridi watu huzungusha ndani ya mfumo kimiminika cha waridi kisichoganda. Hili wa Mombasa hawana haja nalo.

Wimbi zuri linahitaji mita 152

Maabara ya St. Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilipima mawimbi ya boti hizi na mwaka 2022 ikashauri zikae angalau futi 500, yaani mita 152, kutoka ufukweni, ili wimbi lichoke kabla ya kufika kwenye gati na nyasi za majini. Vermont imeufanya umbali huo kuwa sheria na kuongeza kina cha futi 20, maana boti iliyolemewa nyuma huelekeza msukumo wa propela chini na kuchimba tope.

Mashine yenyewe ni farumi, na propela imejificha

Kwenye boti nyingi za mchezo huu mashine imewekwa nyuma kabisa, ikitazama nyuma. Nguvu yake inapelekwa mbele kwanza kisha inageuzwa kurudi, na propela inazunguka chini ya tumbo la boti, mbele ya usukani. Hivyo uzito wa mashine unasaidia kuzamisha nyuma bila kujaza lita hata moja, na mchezaji akianguka hakutani na panga. Kilichobaki ni moshi. Nyuma ya boti inayokwenda taratibu hewa huzunguka na kuuvuta mahali watu walipo, na ndani yake mna kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. California ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kuwakataza watu kuning'inia nyuma ya boti mashine ikiwaka.

Boti nyingi za mwendo kasi utakazopanda Mombasa, Zanzibar au Mwanza zina mashine iliyopachikwa nyuma, propela ikiwa wazi. Mtu akikuambia utelezee wimbi mita mbili nyuma ya boti ya namna hiyo, hata awe ameijaza farumi ya kuvutia kiasi gani, mkatalie.